Fundi Aliyeijua Karatasi ya Masika

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini kampuni igharimie mafunzo ya mfanyakazi ambaye kesho anaweza kuhamia kwingine. Nimekuwa msimamizi katika kiwanda cha uchapaji jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba mfanyakazi huondoka na ujuzi hata kama hukumgharimia senti moja, kwa sababu kazi yenyewe imekwisha kumfundisha.

Tulikuwa na fundi wa mtambo wa rangi nne. Wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na ikipita mtamboni katika hali hiyo rangi hazikutani, hata picha ikaonekana kana kwamba ina kivuli. Yeye aliziingiza rimu katika chumba cha mtambo siku moja kabla, zikiwa bado zimefungwa. Asubuhi alifungua moja, akapitisha ukingo wa karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akatuambia kama tuanze au tungoje. Aliomba nyongeza ya mshahara na nafasi ya kusomea mitambo mipya, akajibiwa kwamba mafundi wamejaa mtaani. Akaondoka. Masika yaliyofuata tulichapa upya kazi nzima ya mteja mmoja kwa gharama zetu, na mteja huyo hakurudi tena.

Waajiri wengi hujitetea kwamba tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Ni kweli wanailipa, lakini fedha hiyo huingia serikalini kwa mahitaji ya nchi nzima. Haimpeleki fundi wako darasani. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini kwa kuwapa cheti, na kumpa fundi ruhusa na ada ya kupata cheti hicho si mzigo mkubwa. Hata hivyo, cheti kisichofuatwa na mshahara bora ni sawa na kumfungia mtu mizigo ya safari, ndiyo maana siwezi kutenganisha kumwendeleza mfanyakazi na kumbakiza.

Kiwandani kwetu sasa kila fundi mkuu ana kijana anayesimama naye mtamboni, na analipwa kwa kumfundisha. Rimu ya kwanza ya masika inapofunguliwa, kijana ndiye anayeishika karatasi kwanza, na mkubwa wake husubiri kusikia atasema nini.

Msomaji, Dar es Salaam