Jibu: Slasha ya trekta kwa vichaka vya Handeni

Mkuu, umeuliza kama slasha ya kufunga nyuma ya trekta (mashine ya kufyekea yenye visu vinavyozunguka) itaviweza vichaka vya shamba lako Handeni. Itaviweza, ila angalia unene wa mashina. Slasha nyingi za kawaida zinamudu shina la kama inchi mbili. Migunga iliyozidi hapo ikateni kwanza kwa msumeno.

Kabla ya kuwasha chochote, tembea shamba zima kwa miguu. Mawe, visiki, vichuguu na nyaya zilizofichwa na majani, weka miti mirefu ya alama. Jiwe likipigwa na kisu linaruka mbali mno, kwa hiyo watoto na wachungaji wasisogee kabisa.

Awamu ya kwanza kata juu, gia ndogo, PTO (mhimili wa nyuma ya trekta unaoendesha slasha) ikizunguka mara 540 kwa dakika. Ya pili ndiyo ushushe. Boliti ya usalama ya shafti ikikatika, rudishia ya aina ileile. Ukifunga ngumu zaidi, kitakachovunjika ni giaboksi. Na tafadhali, usiingie chini ya slasha iliyoshikiliwa na haidroliki peke yake: zima injini, subiri visu visimame, weka magogo ya kuishikilia.

Visiki vitabaki na vitachipua, hivyo kama unalima msimu huu, tenga pesa ya vibarua wa kung'oa.