Wateja wote wana simu moja, 2147483647: ni kosa langu au ni hiyo namba tasa?

Mkuu uliyeuliza kwa nini wateja wako wote kwenye database wanatokea na simu 2147483647, na jamaa akakujibu "ni namba tasa ndo maana", hebu nikueleze maana haya yalishanikuta.

Nilitengeneza kasystem ka kikoba cha akina mama hapa mtaani, safu ya simu nikaiweka INT, yaani aina ya namba kamili. Wiki ya kwanza tu mama mhazini akanipigia, "mwanangu mbona meseji za marejesho haziwafikii watu?" Nafungua jedwali, 2147483647 kuanzia juu mpaka chini. Namba zetu ukianzia 255 zina tarakimu 12, INT ya MySQL (hiyo programu ya database) haifiki huko, na kama strict mode, ile hali ya kukataa data isiyofaa, imezimwa haigomi, kila kinachozidi inakibana kwenye kikomo chake halafu kazi inaendelea. Na kikomo chenyewe ni biti 31 zote zikiwa 1, yaani 2 kwa kipeo cha 31 toa 1.

Kwa hiyo utasa hauna kosa hapo. Kikomo cha biti 15 ni 32767, hicho kinagawanyika kwa 7. Kile cha biti 63 cha BIGINT, ile INT kubwa zaidi, nacho kinagawanyika kwa 7, na simu zingebanwa vilevile kama zingekuwa ndefu kiasi hicho.

Ila ni tasa kweli, na hapo ndo mimi nilinogewa nikakesha. Namba za namna hii haziwezi kuwa tasa kama kipeo chenyewe si tasa, ndo maana 15 na 63 zinafeli. 31 ni tasa, lakini peke yake haitoshi, kwa sababu hata 11 ni tasa na ukifanya hivyohivyo unapata 2047 ambayo ni 23 mara 89. Lazima ukague.

Mwanahisabati Euler alikagua hii kwa mkono, ikachapishwa 1772, yupo St. Petersburg, Urusi, na macho yameshakaribia kupotea kabisa. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni kama 46,341, ukijaribu witiri zote mpaka hapo ni migawanyo zaidi ya elfu 23. Yeye akaonyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, zikabaki za kujaribu chini ya 400. Nilikaa na kalamu nikajaribu za mwanzo: 63 na 249 zenyewe si tasa unaziruka, 311 inabakiza 35, inayofuata ni 1303, inabakiza 226. Unaendelea hivyo mpaka mwisho hakuna hata moja inayogawa bila baki. Kwa kweli nilimheshimu yule mzee.

Sasa turudi kwako. Zima kwanza fomu ya kusajili, badilisha safu iwe VARCHAR, yaani maandishi, maana simu huijumlishi wala huitoi, na ukiihifadhi kama namba ile sifuri ya 07 nayo inapotea. Washa na strict mode. Zile zilizokwisha kubanwa hazirudi, usipoteze usiku kuzitafuta kwenye hiyo safu. Mimi nilipona kwa sababu mama mhazini alikuwa na daftari lake la kaunta, tukakaa barazani kwake, yeye anasoma mimi naandika, mpaka magharibi.