Kopo la asali lililonifundisha kuwafundisha mabinti kusubiri

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa hapa Tabora aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo mwalimu" na kuishia kwa swali ninaloulizwa mara kwa mara tangu nistaafu. Binti yake ana miaka 14 na ameingia kidato cha kwanza, mama yake anaona haya, shangazi anaishi Dar es Salaam. Je, yeye baba aanzie wapi kuzungumza naye kuhusu mapenzi na mimba? Naandika jibu langu hapa kwa sababu nadhani kila mzazi anayenisoma anataka anachokitaka yeye, yaani mtoto amalize shule kabla ya kuwa mama.

Kwanza nikiri. Kwa miaka mingi nilifundisha baiolojia katika sekondari moja ya kata nje ya mji, na jioni za Jumamosi nilikuwa mlezi wa vijana kanisani. Darasani nilichora via vya uzazi ubaoni, nikataja majina yake, nikafuta. Kanisani nilihubiri kusubiri mpaka ndoa, na mwaka mmoja niliwapa mabinti kadi za ahadi wazitie sahihi, nikazifungia kabatini huku nikijiona nimemaliza kazi. Mwaka uliofuata mmoja wa waliotia sahihi aligundulika kuwa na ujauzito wa miezi minne. Nilimuuliza kwa nini hakunijia mapema. Alikuwa akikwangua rangi ya meza kwa ukucha, na bila kuinua uso akanijibu, "Mwalimu, wewe ulikuwa huulizwi." Akaondoka shuleni moja kwa moja, kwa kuwa waraka wa kuwaruhusu wasichana warudi masomoni baada ya kujifungua ulikuja kutoka Novemba 2021, na kwake ulikuwa umechelewa mno. Jibu lake linaniuma hata leo.

Baadaye nilisoma kwamba yaliyonikuta mimi yalikwisha kuwakuta wengine. Huko Marekani, watafiti Peter Bearman na Hannah Brückner walionyesha mwaka 2001 kwamba baadhi ya vijana walioapa kusubiri walichelewa kweli kuanza, ila waliovunja kiapo walikuwa na uwezekano mdogo wa kutumia kinga siku ile ya kwanza. Kiapo kiliwapa sababu ya kungoja, lakini maarifa hakikuwapa.

Ndipo nikachukua kopo tupu la asali kutoka nyumbani, nikatoboa mfuniko kwa kisu, nikaliweka nyuma ya darasa ili kila mwenye swali alitumbukize bila jina. Sikulisafisha vizuri, hivyo karatasi za wiki ya kwanza zilitoka zikinata. Waliuliza kama kuoga mara baada ya tendo huzuia mimba, hakuzuii. Waliuliza kama msichana asiyevunja ungo anaweza kushika mimba. Anaweza, kwa kuwa yai la kwanza huweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza. Waliuliza kuhusu siku salama, nami nikawaeleza kwamba mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5, na mzunguko wa msichana mdogo haujatulia kiasi cha kuutegemea. Karatasi niliyoitunza mpaka leo iliandikwa kwa penseli: "Mtu wa bodaboda akikupa lifti mara tatu bila nauli, unamkataaje?" Miaka yote ile nilihubiri usafi wa moyo, kumbe mtoto alikuwa anafikiria deni.

Tuliitumia Ijumaa nzima kujizoeza maneno ya kukataa, kwa sauti, wawili wawili. Muda si mrefu ikadaiwa kwamba nafundisha uhuni, kikao kikafanyika bila kuniita, na kopo likahamishiwa stoo. Wamo waliokaa katika kikao kile ambao leo wananipigia simu niende kuzungumza na mabinti zao. Huwa nakwenda.

Ndugu wazazi, tusijidanganye kwamba kunyamaza ni malezi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani kwetu asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Wengine hutegemea kutisha, wakitaja kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Sheria hiyo ni ya haki, lakini katika niliyoyaona, mwanamume hukimbia na binti hufunga mdomo. Mimi bado nafundisha kusubiri, wala sioni haya kusema hivyo mbele ya daktari au mchungaji. Ila namfundisha binti pia mwili wake unavyofanya kazi, kinga ni nini, na nani wa kumkimbilia mambo yakiharibika, kisha namwacha aulize, nami namjibu bila kukunja uso.

Baba aliyeniandikia ameniambia kwamba shule ya binti yake iko mbali na nyumbani. Nimemshauri aache hotuba kwanza, amuulize mtoto jioni hii, kwa upole, huwa anarudi na nani.