Misimbo 96, Dhamira Hakuna

SWALI: Mwalimu, habari. Nasomea uzamili hapa Kisumu. Nimewahoji akina mama wanaouza omena (dagaa) ufuo wa Dunga, na kwenye NVivo, programu ya kuchambua mahojiano, nimepata misimbo 96, yaani lebo nilizobandika kwenye nukuu zao. Nimeipanga chini ya Changamoto, Manufaa na Mapendekezo, ila msimamizi anasema hizo si dhamira, yaani hoja kuu zinazotokana na data. Je, programu haiwezi kuniundia?

JIBU: Salama. Msimamizi wako hajakosea. Hayo matatu ni maswali ya mwongozo wako wa mahojiano, umeyapandisha cheo tu. Virginia Braun na Victoria Clarke, watafiti wa mbinu ya uchambuzi wa dhamira, ambao makala yao ya 2006 bila shaka unayo kwenye marejeleo, walionya juu ya jambo hili hili. "Changamoto" ni kapu: mvua, madeni na mume mlevi vyote huingia humo, na msomaji hatoki na lolote.

Kabla ya kusogeza chochote, hifadhi nakala ya mradi. Ukifuta msimbo mzazi kwenye NVivo, yaani ule wenye misimbo mingine chini yake, watoto wake huenda nao, na hapo ndipo watu hulia. Kisha punguza. Katika 96 hamkosi pacha, mathalani "kukosa pesa" na "mtaji mdogo". Kata mmoja (Cut, si kufuta), uchague ule unaobaki, utoe amri ya Merge, yaani kuunganisha. Usiamue kwa majina pekee. Fungua nukuu zilizomo uzisome.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme unayo "mvua", "kulipa boti papo hapo" na "kuuzia wenye kuku". Zisome nukuu zake kwa pamoja. Huenda zikasimulia kisa kimoja: mama amelipia omena alfajiri, akaianika, mvua ikanyesha, akaishia kuiuza kwa bei ya chakula cha kuku. Basi andika dhamira kama sentensi kamili: "Hasara ya mvua humwangukia mchuuzi, si mwenye boti." Sentensi kama hiyo inaweza kupingwa, jambo ambalo "Changamoto" haliwezi. Mtafute wa kuipinga. Yuko mama aliyechukua kwa mkopo, mvua ikanyesha, akasamehewa deni? Akiwepo usimfiche. Rekebisha: hasara humwangukia aliyelipa taslimu. Sentensi iweke kwenye maelezo ya msimbo mzazi, na sababu za kuibadilisha kwenye memo (kumbukumbu yako ndani ya programu) yenye tarehe, maana siku ya kutetea tasnifu utaulizwa.

Kama akina mama walizungumzia jaboya, yaani mvuvi kudai ngono ndipo atoe samaki, msimbo huo utakusumbua, kwa kuwa unagusa mtaji na pia mamlaka ya mvuvi. Kwenye NVivo msimbo hukaa chini ya mzazi mmoja. Utumie seti, yaani mkusanyo usiohamisha msimbo mahali pake, ili uonekane kwingine pia. Vikundi vya ATLAS.ti, programu nyingine ya aina hii, hukubali msimbo mmoja katika vikundi kadhaa, ila hiyo si sababu ya kuhama programu katikati ya kazi.

Ukitaka mzazi aonyeshe jumla ya nukuu za watoto, tia alama kisanduku cha Aggregate kwenye sifa zake. Angalia safu ya faili (mahojiano mangapi) kabla ya ile ya marejeo (nukuu ngapi): mama mmoja msemaji anaweza kukuletea nukuu 20 peke yake.

Programu itakuhesabia na kukutafutia. Sentensi ya dhamira ni yako kuidai na kuitetea. Tatu au nne zinatosha kwa tasnifu ya uzamili. Misimbo isiyopata mahali iweke kwenye "Mengineyo", wala usiifute hadi msimamizi asome rasimu.