Klachi isiyoachia kwenye Triumph ya zamani: waya uwe wa mwisho

Ndugu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Triumph yako ya cc 650, ukiingiza gia ya kwanza asubuhi inagonga na pikipiki inaruka mbele, ukisimama nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Umekaza waya wa klachi, ukapata nafuu ya siku mbili, ukakaza tena, na sasa klachi imeanza kuteleza ukipanda mlima. Nina Bonneville T120 ya mwaka 1967, na ilinisumbua hivyohivyo kwa msimu mzima.

Kwanza acha kabisa kuugusa waya. Kila unapoukaza unaila ile nafasi ndogo inayoifanya klachi ipumzike ukiachia mkono. Nafasi ikiisha, fimbo ya chuma inayopita katikati ya shafti ya gia boksi inakuwa inaisukuma pleti ya nje, ile inayozibana pleti nyingine za klachi pamoja, muda wote, hata kama hujashika kitu. Ndiyo maana sasa unateleza. Mbaya zaidi, ncha ya fimbo inasagika kwa joto, nayo ikipungua urefu unadhani waya umelegea, unaukaza tena.

Fanya hivi. Legeza waya wote pale kwenye mkono wa klachi mpaka uning'inie. Fungua kifuniko kidogo cha duara ubavuni kushoto, kile kilichoelekeana na klachi, utaona skrubu katikati yenye nati ya kufungia. Legeza nati, zungusha skrubu kuingia ndani taratibu mpaka uhisi inaanza kuiinua pleti, kisha irudishe mzunguko mmoja mzima. Shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, maana hupenda kuzunguka nayo. Halafu ndipo urudi kwenye waya, ukiacha mchezo wa kama milimita 3 kabla mkono haujaanza kuvuta. Utaratibu huu pekee umeziponya klachi nyingi, kwa sababu zile gololi tatu zilizo kwenye kifuniko cha gia boksi, zinazoisukuma fimbo ukivuta waya, zinaanza safari yao kutoka chini na kuinua pleti kwa kimo kamili.

Yangu haikupona. Nilinunua springi ngumu zaidi kwa ushauri wa duka moja, mkono ukawa mzito hadi kiganja kikauma, na nyutro bado haikupatikana. Zile springi hazikuwa na kosa lolote, ila hazikuhusika na ugonjwa wenyewe. Nilikuja kuuona siku nilipomwaga oili, nikatoa kifuniko chote cha kushoto, nikashika mkono wa klachi huku nikisukuma kiki polepole kwa mguu na kuikodolea macho pleti ya nje. Ilikuwa inayumba kama sahani iliyowekwa upande. Upande mmoja ulikuwa umeachia vizuri, mwingine bado umebana. Klachi ya namna hiyo haiwezi kuachia hata ungeivuta kwa mikono miwili.

Hapa ndipo penye kazi ya kweli, na usiwe na haraka. Springi ni tatu, kila moja na nati yake yenye mfereji wa bisibisi. Anza kwa kuziweka zote ziwe sawa na ncha za boliti zake, kisha zungusha tena kwa kiki. Mahali pleti inapoinuka pungufu kuliko kwingine, springi ya hapo imekazwa mno, ilegeze robo mzunguko. Panapotokeza zaidi, kaza. Rudia mpaka pleti izunguke bila kuyumba. Mimi ilinichukua karibu saa nzima. Chini ya kila nati kuna kinundu kinachoikamata ncha ya springi ili nati isijifungue barabarani, kwa hiyo usiilazimishe. Penyeza ncha ya kisu chembamba uisukume springi pembeni kidogo, nati itazunguka bila kuumia.

Ukiwa umeshafika huko ndani, toa pleti zote. Zile za chuma tupu, zisizobandikwa kitu cha msuguano, zilaze moja moja juu ya kioo, ukizibonyeza pembeni zikicheza zimepinda. Yangu moja ilikuwa imepinda, nikaitupa. Kisha tazama ngoma ya klachi pale masikio ya pleti, yaani vimeno vya ukingoni mwake, yanapoteleza. Ukikuta yamechimba vijipengo, pleti zinanasa humo badala ya kuachana. Vijipengo vifupi viondoe kwa tupa, ukipitisha sawasawa pande zote. Vikiwa virefu, ngoma imekwisha. Ukiishika ngoma itacheza kidogo, hiyo ni kawaida. Na kama itabidi uivute itoke, weka kitambaa chini, kwani ina roli 20 ndogo zinazopenda kudondoka.

Oili pia iangalie. Mwaka wako kama ni kabla ya 1970, upande wa klachi una oili yake peke yake, isiyochanganyika na ya injini, kama mililita 350 za SAE 20. Ukijaza nzito, pleti zitagandana kila asubuhi. Ukijaza oili ya magari ya kisasa yenye viongeza vya kupunguza msuguano, zitateleza.

Hata baada ya yote hayo, klachi hizi zikilala usiku pleti hushikana kwa utando wa oili. Kabla ya kuwasha, shika mkono wa klachi upige kiki mara mbili tatu mpaka usikie mguu umekuwa mwepesi na injini haizunguki nayo. Hapo zimeachana, na gia ya kwanza itaingia kimya.

Ukishafungua, niambie pleti ya nje inayumba kiasi gani na ncha ya fimbo ina hali gani. Ikiwa imegeuka bluu au imetanuka kama kichwa cha msumari uliogongwa, usihangaike kurekebisha skrubu, weka fimbo mpya kwanza.