Jibu: Marekani na China kwa kila mtu, namba hazilingani

Habari ndugu, kama nimekuelewa unalinganisha gesijoto (gesi zinazopasha dunia joto) kwa kila mtu Marekani na China tangu 1990, sasa faili moja linakupa Marekani tani 15 hivi kwa mwaka, lingine 4, hujui ushike lipi. Usifute kitu. Cheki kwanza kipimo, maana kuna wanaoandika kaboni tupu na wengine kaboni dayoksaidi, hiyo ya kaboni ukizidisha mara 3.67 (44 gawa kwa 12, yaani uzito wa kaboni dayoksaidi kwa ule wa kaboni yenyewe) inakuja ile ile, mimi ilinilia siku mbili nzima kabla sijashtuka. Halafu angalia kama methani, gesijoto nyingine, imo au haimo.

Gesi ya kila mwaka gawa kwa idadi ya watu wa mwaka huo huo, usije ukagawia 1990 kwa watu wa leo. Ukienda hivyo, kwa kaboni dayoksaidi ya kuchoma makaa, mafuta na gesi, na ya kutengeneza saruji, utaona Marekani inashuka toka tani 20 hivi mpaka karibu 15, na China inapanda toka 2 hadi 8 hivi.

Ila kwa hesabu hiyo gesi inayotoka China kwa kutengeneza bidhaa zinazotumika kwingine inahesabiwa China, kwa hiyo kwenye grafu chora na mstari wa matumizi, yaani gesi ihesabiwe kwa nchi inayotumia bidhaa, kwangu mimi huo ndo wa haki zaidi.