Kabla ya kuhamia toleo jipya la DaVinci Resolve

Ndugu yangu wa Nkuhungu, umeuliza kama unaweza kusakinisha toleo jipya la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ilhali video ya harusi ya mteja wako haijakamilika. Kwa maoni yangu, ungeikabidhi kwanza kazi hiyo. Lakini ikiwa huna budi, anza na nakala rudufu. Wengi hunakili video zilizotoka kwenye kamera peke yake, wakasahau kwamba mikato, rangi na mpangilio wa sauti huhifadhiwa katika hifadhidata ya programu yenyewe, ambayo ikishabadilishwa na toleo jipya, toleo la zamani haliwezi tena kuifungua. Kwa hiyo hifadhi nakala ya hifadhidata hiyo, kisha nakili kompyuta nzima kwenye diski ya nje, na ufungue faili mbili tatu kutoka humo kuhakikisha zinasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni ya kubahatisha. Tunza pia kisakinishi cha toleo ulilonalo sasa. Kama kompyuta yako ni ya mezani, iunganishe na UPS (kifaa chenye betri kinachoiwezesha kuendelea kuwaka kwa muda umeme ukikatika) kabla ya kuanza; habari za umeme hapa Dodoma unazijua mwenyewe.